Dawa ya Macho ya Diwani

Ushetu,
11 Februari 2024

Kwa mke mwenzangu Vaileth,

Mimi bibi yako ni mzima, ila magoti. Wewe najua u mzima, maana mtu akiumwa ndipo humkumbuka bibi yake, na wewe hujanikumbuka tangu Krismasi.

Nakuandikia kwa ajili ya Diwani, paka wangu wa rangi ya majivu. Unajua kwa nini nilimpa jina hilo: huonekana kila nyumba inapopakua, wala haonekani penye kazi. Leo siku ya tano amefumba jicho la kushoto. Linatoa tongotongo za njano, limekuwa jekundu kama nyanya, na kwenye kona kumetokeza kingozi cheupe kinachofunika nusu ya jicho. Anapiga chafya kama mwalimu wa chaki. Philomena jirani ameshauri nimtie maji ya majani ya tumbaku. Nikamwambia aanze na jicho lake mwenyewe.

Wewe ulisomea mifugo, na duka unalouzia hapo Shinyanga lina dawa mpaka za kuku. Nitumie dawa ya Diwani. Mpe Marwa, kondakta wa basi la asubuhi. Usipige simu. Simu ya nyumbani ni ya baba yako mdogo Maduhu, naye ameondoka nayo kwenda Bugarama kuchimba kwenye maduara ya dhahabu. Hata akiwepo huongea kwa spika mpaka ng'ombe wa jirani wanajua habari zetu. Kisomo cha watu wazima sikukaa miaka miwili ili niangalie picha.

Tumbaku imeanza kuvunwa. Nashinda kwenye bani nikichochea moto wa kukaushia, moshi wote unaishia usoni mwangu.

Ni mimi, mke mkubwa,
Theopista

*

Shinyanga,
16 Februari 2024

Mke mkubwa, shikamoo. (Nakuamkia leo tu, usizoee.)

Pokea tyubu moja ya dawa ya kupaka. Hayo ni mafua ya paka, yamepanda machoni. Kile kingozi kisikupe wasiwasi, paka wote wanacho, hujificha. Kikitokeza ujue mwenyewe anaumwa.

Fanya hivi. Chemsha maji, tia chumvi kidogo, yaache yawe vuguvugu. Mviringishe Diwani kwenye kanga abaki kichwa tu, la sivyo atakuchana. Futa jicho kwa pamba kutoka kona ya pua kwenda nje, jicho moja pamba moja, usirudie. Kisha vuta kope ya chini na uweke dawa kiasi cha punje ya mchele. Ncha ya tyubu isiguse jicho. Mara tatu kwa siku, siku saba, hata akipona siku ya tatu. Na dawa ya mtu mwingine iliyobaki usimtie. Ziko dawa zinazoondoa wekundu haraka sana, lakini jicho likiwa na kidonda ndani zinalitoboa.

Sasa tuje kwenye mambo mazito. Mke mkubwa, hatimaye umekamatwa! Mimi nilijua tangu zamani kuwa wewe ni mchawi. Babu aliwaacha warembo wote wa Ushetu akakuoa wewe mwenye miguu kama mianzi, kwa dawa gani kama si uchawi? Sasa paka wako macho mekundu, na wewe mwenyewe macho mekundu. Mnaruka zamu ya saa ngapi? Siku mkipita juu ya Shinyanga mnishushie hata debe la mahindi, maisha ya mjini magumu.

Nimecheka peke yangu dukani mpaka mteja wa dawa ya kupe akaniuliza kama ni mzima.

Mke mdogo mwenye miguu mizuri,
Vaileth

*

Ushetu,
17 Machi 2024

Vaileth mjukuu wangu,

Dawa ilifika. Diwani alifungua jicho siku ya nne, nami nikaendelea mpaka ya saba kama ulivyoagiza. Wabeja sana, nashukuru.

Barua yako haikunifikia kwa mkono wa Marwa. Maduhu alirudi kutoka Bugarama siku ile ile, akaipokea stendi. Ilikuja imefunguliwa. Alisema bahasha ilichanika njiani. Amekonda mwanangu. Duara lao lilitoa maji badala ya dhahabu, wenzake wamemwachia madeni ya chakula na aibu. Hakai na mimi tena kuota moto. Akija huchukua chakula akala nje.

Utani wako umesomwa. Tuuweke kando kidogo, mpaka mvua zipite.

Ninachokuomba, nitumie dawa ile ile, tyubu mbili. Macho ya Diwani yamerudi kuwa mabaya, safari hii yote mawili. Hatoki nje, nimemzuia. Watu wasimwone.

Bibi yako,
Theopista

*

Shinyanga,
22 Machi 2024

Bibi shikamoo,

Umeninunia? Hujaniita mke mwenza hata mara moja, na mwandiko wako umekuwa mkubwa, mistari inapanda mlima. Au umeandika gizani? Philomena akusaidie kuwasha taa.

Tyubu mbili hizi hapa. Lakini paka aliyepona vizuri kisha macho yote mawili yakaharibika, lazima kuna kitu kinamchokoza. Nijibu: Anaogopa mwanga? Anajikuna? Ndani ya jicho kuna ukungu mweupe? Analala wapi? Kama analala kwenye bani mtoe, moshi ule ungeweza kumtoa machozi hata nguruwe.

Nikwambie ukweli kama mtu wa fani. Ukungu ukishafunika macho yote, tusimtese. Paka kipofu ni mzigo nyumbani, tena mwenye usaha si wa kukaa na watoto. Hapo mwachie Baba mdogo Maduhu, yeye mwanamume, anajua la kufanya. Ni mara moja tu, hata hasikii.

Nakupenda, hata ukininunia.
Vaileth

*

Ushetu,
28 Aprili 2024

Vaileth,

Barua yako hii nayo ilifika imefunguliwa. Lile la kumwachia Maduhu nakuomba usiandike tena. Kwa jina la babu yako, usiandike tena.

Umeuliza maswali nami nakujibu. Mwanga anauogopa, anakaa ameufunika uso kwa kanga. Anasikia kama mchanga umemwagwa ndani ya jicho, na kila akipepesa mchanga unasaga. Ukungu upo, jicho la kulia zaidi. Nywele za kope zimegeuka zinaingia ndani, ndizo zinazochoma. Nimekuwa nikizing'oa kwa kibanio cha Philomena, lakini zinaota tena fupi na ngumu kuliko za mwanzo. Je, paka mzee hupona ugonjwa huu? Sema ukweli. Na kama haponi, ipo dawa ya kuondoa wekundu tu? Ule wekundu ukiondoka, mengine ataweza kuvumilia.

Juzi mchana nilikuwa kwenye bani natia dawa, tyubu ikawa inamwaga nje. Mtu akaingia. Sikuona ni nani, mlango ulikuwa na jua. Nikamwomba anishikie kope juu, akashika vizuri kabisa mpaka nikamaliza. Hakusema neno, akaondoka. Nimelifikiria jambo lile siku mbili. Wema bado upo, Vaileth.

Nisamehe mwandiko.
Theopista

*

Shinyanga,
1 Mei 2024

Bibi,

Paka hana nywele za kope.

Nimekaa na barua yako tangu asubuhi, duka limefungwa kwa Mei Mosi, na sentensi hiyo ndiyo pekee niliyoweza kuiandika. Paka ana manyoya tu mpaka ukingoni mwa jicho. Hana kope za kugeuka wala za kung'oa kwa kibanio. Mwenye kope hizo ni binadamu. Ugonjwa huo unaitwa vikope, unapofusha watu. Umeandika "anishikie". Hukuandika "amshikie".

Bibi, nimekuwa nikikutibu wewe kwa dawa ya mifugo. Nimekuandikia kwamba kipofu ni mzigo. Nimekuandikia uachwe mikononi mwa nani. Nimezikumbuka barua zangu zote, neno kwa neno.

Nimempigia Baba mdogo. Nimemuuliza, bibi yuko wapi, macho yake yakoje? Akacheka, akasema, "Si ulishaandika mwenyewe?" Akakata.

Niliandika nini? Diwani yuko wapi? Aliyekushika kope ni nani?

Barua hii inapita kwa Padre hadi kwa Katekista Donatus, aifungue mbele yako. Usitie tena dawa yoyote. Usimeze aibu, bibi, niambie.

Vaileth

*

Kigango chetu, Ushetu,
5 Mei 2024

Ndugu Vaileth,

Tumsifu Yesu Kristu.

Barua yako nimemsomea bibi yako. Ameisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi ameshajua." Ameniruhusu nikuandikie yote, kwa kuwa yeye mistari haioni tena.

Diwani alikufa mwanzoni mwa Machi. Alikutwa asubuhi mlangoni pa bibi, amekatwa kwa panga. Alikuwa amekwisha pona, macho meupe safi. Wewe ulimtibu vizuri. Lakini watu walikuwa wameshamwona akiwa na macho mekundu, na neno limeshatembea. Kuanzia hapo paka uliyeandikiwa habari zake ni bibi mwenyewe. Alijua barua zinafunguliwa, na alijua hapa kwetu mwanamke mzee akisema kwa kalamu yake kuwa macho yake ni mekundu, ametia saini hukumu yake: macho mekundu ni ya mchawi.

Maduhu huko Bugarama alikwenda kwa mpiga ramli. Akaambiwa dhahabu yake imekaliwa na mwenye macho mekundu wa nyumbani kwao. Alirudi na neno hilo, akaikuta barua yako stendi. Jumapili iliyofuata baada ya Misa aliisoma mbele ya watu uani kwao. Nilikuwepo, Mungu anisamehe. Alisoma kwa sauti: "Mimi nilijua tangu zamani kuwa wewe ni mchawi." Akasema, hayo si maneno yangu, ni ya mjukuu wake, msomi, ameandika kwa mkono wake. Wazee wanaojua utani wa bibi na mjukuu walicheka. Vijana hawakucheka. Nami nilinyamaza nikidhani yataisha. Wiki moja baadaye paka akafa.

Jambo jingine bibi hakuwahi kuwaambia nyumbani. Dada yake, Mageni, hakufa kwa malaria kama mlivyoambiwa. Alikuwa na macho kama haya, ya moshi. Bibi yako ndiye aliyemkuta, amekatwa kwa panga.

Huyo mtu wa kope hatumjui. Philomena siku ile alikuwa mnadani. Tangu jana bibi analala nyumbani kwangu, mke wangu yuko naye. Nimemwambia twende kwa mwenyekiti na polisi. Anasema, "Ni kitinda mimba wangu, Donatus. Nitamshitaki kwa macho gani?"

Amesema pia: mwambie mke mwenzangu asijilaumu, utani haukuwa kosa, kosa ni msomaji.

Donatus, Katekista

*

Shinyanga,
8 Mei 2024

Kwa Baba mdogo Maduhu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, na aliyenifundisha ni huyo unayemwita mchawi.

Wewe ni hodari wa kusoma barua zangu mbele za watu. Hii nimeiandika kwa ajili hiyo. Isomwe pale pale uani, kwa sauti ile ile. Usipoisoma, Katekista ana nakala.

Mimi Vaileth nilimwita bibi yangu mchawi. Nilimwita pia mwenye miguu kama mianzi, na tangu nikiwa na miaka minne yeye huniita mke mwenza aliyekuja kumnyang'anya mume. Kama huo ni ushahidi, basi babu alikuwa na wake kumi na mmoja, wote wajukuu zake. Wewe uliukulia utani huo. Ulimtania bibi yako mwenyewe hadi akiwa kitandani mwa kufa. Ulijua ninachosema, ukasoma kama hujui. Hilo ndilo linalonitetemesha, Baba mdogo. Mpiga ramli hakujui. Vijana wa pale uani hawakujua. Wewe ulijua.

Macho ya mama yako ni mekundu kwa sababu ya bani. Miaka thelathini amechochea moto ule. Ada yako ya shule ilitoka kwenye moshi ule. Nauli ya kwenda Bugarama ilitoka kwenye moshi ule. Juu ya moshi ukaja ugonjwa wa vikope, unatibika kwa upasuaji mdogo usiofika hata saa moja. Nimethibitisha na daktari wa macho wa hospitali Kahama. Wanampokea Jumatatu.

Jumamosi nakuja kumchukua. Nitapita mbele yako nimemshika mkono. Uniangalie vizuri ninavyopita.

Vaileth

*

Kahama, kwa Noela binti wa Philomena,
9 Juni 2024

Mke mwenzangu Vaileth,

Naandika mwenyewe. Tazama mistari, imerudi bondeni.

Tangu uliponiacha hapa ukarudi dukani, kila siku naona kitu kipya. Bandeji walizitoa wewe ukiwepo, lakini siku ile nilikuwa nalia sikuona kitu. Nywele za kope sasa zinatazama nje kama za watu. Jicho la kulia limebaki na ukungu, daktari amesema huo hauondoki. La kushoto linaona mpaka mchwa. Nimemwona Noela uso, si mzuri kama mama yake alivyokuwa akinisimulia, lakini ana moyo.

Sasa kaa chini ndipo usome.

Jana mchana Maduhu alikuja. Noela alitaka kumfungia. Nikamwambia amwache aingie, yeye asimame mlangoni na mwiko. Alisimama na mwiko kweli, ule wa ugali wa msiba.

Barua yako hakuisoma yeye. Aliisoma Donatus uani, Maduhu akiwa amekaa, na anasema Donatus alipofika pale pa "Wewe ulijua", watu waligeuka wote kumtazama. Kisha Maduhu akapiga magoti akaniamkia. Nikamwangalia. Vaileth, tangu arudi Bugarama sikuwa nimeuona uso wa mwanangu kwa karibu, na macho yalipoharibika nikawa nikimsikia tu. Macho yake ni mekundu. Ni vumbi la mawe ya kule, yamevimba, yanatoa tongotongo, mekundu kuliko yangu, kuliko ya Diwani. Alikwenda kwa mpiga ramli na macho yale yale, akaambiwa mwenye macho mekundu yuko nyumbani, akafunga safari kuja kunitafuta mimi.

Niliinuka. Nikachemsha maji, nikatia chumvi. Nilimwambia kesho aende pale pale hospitali, dawa yangu sitampa, ulinikataza. Lakini kufungua macho alikuwa hawezi, basi nikamsafisha. Pamba moja jicho moja, kutoka kona ya pua kwenda nje. Nilipomshika kope ya juu na kuinyanyua, alishtuka akanikamata mkono.

Akasema, "Mayu, mama yangu, siku ile kwenye bani ni mimi."

Nikamuuliza siku ipi. Akasema, "Ile uliyoniomba nikushikie kope."

Vaileth, alikuja na panga. Mchana, Philomena yuko mnadani, alikuwa amepanga hivyo. Panga lile lile la Diwani, amelitaja mwenyewe bila kuulizwa. Anasema alisimama mlangoni mwa bani, nami nimeuinua uso juu, shingo yote nje, nahangaika na tyubu. Nikasikia mtu, nikasema, "Karibu mwanangu, nishikie hapa, dawa inamwagika." Mimi humwita kila mtu mwanangu. Ilimbidi aliweke panga chini ili apate mkono. Anasema aliponyanyua kope aliziona zile nywele zimesimama ndani ya jicho kama miiba, na jicho linamtazama na halimwoni. Akashika mpaka nikamaliza. Akaliokota panga akaondoka.

Nami nikakuandikia kwamba wema bado upo.

Noela aliangusha mwiko. Mimi mikono yangu ilibaki usoni kwake, sikujua niiondoe au niiache. Nilimaliza jicho la pili. Ningefanya nini? Lilikuwa limebaki.

Nimemwambia nimemsamehe, na nimesema kweli. Halafu nikamwambia Jumatatu aende na Donatus kwa mwenyekiti, akaseme panga, akaseme ramli na jina la aliyeipiga, akaseme yote mbele ya polisi. Akisita nitakwenda mimi, macho ninayo sasa. Nilinyamaza kwa ajili ya mwanangu kama mama yetu alivyonyamaza kwa ajili ya kaka zetu waliomuua Mageni. Nikinyamaza tena, Mageni atakuwa amekufa kwa malaria mara ya pili.

Alilia, akaitikia. Kama ataenda, nitajua Jumatatu.

Kule sirudi. Bani nimemwachia Philomena, amejengewa na watoto wake bomba la kutolea moshi. Jumamosi nakuja kwako Shinyanga na basi la Marwa. Unitafutie paka, asiwe mzuri sana, wala usimpe jina, hilo ni langu.

Na utani urudishe. Nimekaa miezi mitatu bila kutukanwa na mtu anayenipenda.

Stendi usinipungie mkono. Simama tu kati ya watu, nitakuona.

Mke mkubwa,
Theopista